Risasi, Shaba na Kutu: Historia ya Uchafu wa Mtutu na Funzo Lake kwa Istilahi za Kiswahili

1.0 Utangulizi



Mada ya mhadhara huu yaweza kuonekana ngeni katika ukumbi wa taaluma za Kiswahili. Tumezoea kujadili tenzi, lahaja na ngeli. Ni nadra kujadili uchafu unaoganda ndani ya mtutu wa bunduki. Hata hivyo, isimu ya historia hutufundisha kwamba maneno ya kazi za mikono huhifadhi kumbukumbu ambazo aghalabu hazimo katika vitabu vya fasihi. Mhunzi, mvuvi, seremala na askari wameacha katika lugha alama za vitu walivyovishika, na alama hizo hudumu hata vitu vyenyewe vinapobadilika.

Ninakusudia kueleza historia ya tatizo moja la kiufundi, yaani shaba inayoganda ndani ya mtutu baada ya bunduki kufyatuliwa, na jitihada za kuiondoa, hasa kati ya mwaka 1886 na miaka ya 1920. Hoja yangu ni kwamba kwa zaidi ya miaka thelathini majeshi yenye maabara na viwanda vikubwa yaliendelea kuharibikiwa mitutu, si kwa kukosa dawa, bali kwa sababu uchafu wa aina mbalimbali ulidhaniwa kuwa kitu kimoja na kutibiwa kama kitu kimoja. Baada ya hapo nitauliza iwapo Kiswahili chetu kinaweza kuutenganisha uchafu huo. Swali hili si la anasa. Lugha isiyotenganisha maradhi haiwezi kuandika mwongozo wa tiba.

2.0 Ushahidi wa Msamiati

Na tuanze na maneno yenyewe. Neno *bunduki* limetokana na Kiarabu, ambako *bunduq* lilikuwa jina la aina ya kokwa na pia la gololi ndogo iliyorushwa kwa upinde, kabla halijahusishwa na silaha ya moto. *Baruti* limetokana na *barud*, neno ambalo hapo awali lilitaja chumvi inayochanganywa katika unga huo kabla ya kuutaja unga wenyewe. *Kasiba*, jina la zamani la mtutu, ni *qasaba*, yaani tete au mwanzi. Na *risasi* ni *rasas*, madini laini na mazito ambayo fundi huyayeyusha kwa moto wa kawaida. Hadi leo neno hilo lina maana mbili katika Kiswahili: madini hayo, na kile kinachotoka katika mdomo wa bunduki.

Upande wa Kibantu tunakuta *mtutu*, na *mzinga*, ambao kabla ya kuwa silaha ulikuwa gogo lenye uwazi la kufugia nyuki. Tunakuta pia kitenzi *shindilia*. Kifaa cha kazi hiyo huitwa *mdeki*, ufito wa kushindilia baruti katika bunduki inayojazwa kwa mdomo. Kamusi za zamani huita risasi nzima ya kisasa *kiasi cha bunduki*. Jina hilo linaeleweka tukikumbuka kwamba mwenye gobori alipaswa kupima baruti yake kabla ya kuimimina. *Fataki* ilikuwa kifuniko kidogo kilichopigwa na nyundo ya bunduki ili kuwasha baruti.

Msamiati huu wote umeundwa katika enzi ya madini ya risasi na baruti nyeusi. Shaba haimo. Hakuna neno hata moja katika orodha hiyo linaloashiria kwamba kitu kinachopita mtutuni kimevikwa shaba, ingawa hivyo ndivyo ilivyo kwa sehemu kubwa ya risasi za bunduki zilizotengenezwa duniani tangu mwisho wa karne ya 19. Kiswahili hakiko peke yake katika hili. Lugha nyingi zimebaki na majina ya zamani. Lakini pengo hilo ndilo linalotuongoza kwenye historia tunayoitafuta.

3.0 Enzi ya Maji

Baruti nyeusi ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki kuwa hewa. Hubaki kama moshi mzito na masizi yanayoganda mtutuni. Masizi hayo yana chumvi zinazonyonya unyevu, na mtutu usiooshwa huweza kushika kutu kwa usiku mmoja, hasa katika hewa ya mwambao. Lakini tiba yake ilikuwa rahisi: maji, na maji ya moto yalikuwa bora zaidi. Mwenye gobori aliyamimina mtutuni, akasugua kwa kitambaa kilichofungwa kwenye ufito, akakausha, kisha akapaka mafuta. Kwa kuwa uchafu ulionekana kwa macho na kunuka puani, hakuna aliyehitaji kuambiwa ausafishe.

Madini ya risasi nayo yaliweza kuacha utando mtutuni, lakini kasi ilikuwa ndogo. Kichwa cha risasi cha bunduki ya Martini-Henry, iliyoanza kutumiwa na jeshi la Uingereza mwaka 1871, kilitoka kwa kasi ya takriban mita 400 kwa sekunde. Katika kasi ya namna hiyo, madini laini yaliyopakwa mafuta au kuzungushiwa karatasi yaliweza kuvumilia msuguano wa mifuo, yaani vijifereji vilivyochongwa kwa mzunguko ndani ya mtutu ili kukizungusha kichwa cha risasi kinapotoka.

4.0 Kuingia kwa Shaba

Mambo mawili yalibadili hali hiyo karibu kwa wakati mmoja. Mwaka 1882 Eduard Rubin wa Uswisi alibuni kichwa cha risasi kilichovikwa gamba la shaba. Mwaka 1884 mkemia wa Ufaransa, Paul Vieille, alifanikiwa kutengeneza baruti isiyo moshi. Mwaka 1886 Ufaransa ikatoa bunduki ya Lebel yenye kipenyo cha milimita 8, bunduki ya kwanza ya jeshi kutumia baruti hiyo. Kasi ikapanda hadi zaidi ya mita 600 kwa sekunde, na katika miaka ishirini iliyofuata ikazidi mita 800 katika majeshi kadhaa. Madini ya risasi yakiwa uchi hayawezi kustahimili kasi hiyo katika mtutu wenye mifuo. Huchubuka na kupoteza mwelekeo. Gamba gumu zaidi likawa jambo la lazima.

Magamba hayakuwa ya namna moja. Uingereza na Marekani zilitumia mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambamo shaba ilikuwa takriban sehemu 80 hadi 85 kwa mia. Ujerumani ilitumia gamba la chuma lililopakwa mchanganyiko kama huo. Ufaransa, mwaka 1898, ilikwenda mbali zaidi kwa kutengeneza kichwa kizima cha shaba iliyochanganywa na zinki kidogo, bila madini ya risasi ndani yake. Hapo neno letu *risasi* likawa limepoteza kabisa uhusiano na madini yaliyolizaa.

Mchanganyiko wa shaba na nikeli ulikuwa mgumu na wenye kung'aa, lakini ulikuwa na tabia mbaya. Kasi ilipofikia takriban mita 820 kwa sekunde, kama katika risasi ya Marekani ya mwaka 1906, vipande vya gamba viling'ang'ania mtutuni, hasa karibu na mdomo, vikawa mabonge. Kila risasi iliyofuata iliongeza tabaka jingine. Shabaha ikaharibika, na kitambaa chenye mafuta kikapita juu ya mabonge hayo bila kuyagusa.

5.0 Enzi Mbili katika Uwanja Mmoja

Afrika Mashariki ilishuhudia makutano ya enzi hizi mbili kwa namna ya pekee. Vita vilipoanza mwaka 1914, makampuni mengi ya askari wa Ujerumani katika koloni lake yalikuwa bado na bunduki za muundo wa mwaka 1871, zilizotumia baruti nyeusi na kichwa kizito cha madini ya risasi. Moshi wao uliwaonyesha adui mahali walipo. Baada ya mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, walipata kwa Waingereza mamia ya bunduki za kisasa na risasi zipatazo laki sita. Mwezi Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyopenya kizuizi cha Waingereza, ilishambuliwa katika ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, na sehemu kubwa ya shehena yake ikaopolewa majini. Risasi zilizolowa zilifunguliwa moja moja, zikakaushwa na kuundwa upya, kwa kuwa hapakuwa na nyingine.

Kwa hiyo, askari yule yule aliweza kubeba katika vita vimoja gobori la kisasa kidogo lililohitaji maji, na baadaye bunduki ya baruti isiyo moshi iliyohitaji uangalizi wa aina nyingine. Kiswahili kilikuwa lugha ya mawasiliano ya askari katika pande zote mbili za vita hivyo. Lakini msamiati haukuigawa hali hiyo: zote mbili zilikuwa *bunduki*, zote zilitia *risasi*, na kazi ya jioni iliitwa *kusafisha*.

6.0 Dawa ya Amonia

Huko Marekani, tiba ya mabonge ya shaba ilipatikana katika kemia. Shaba na nikeli huyeyuka katika amonia ikiwapo oksijeni ya kutosha, ilhali chuma hakidhuriki kwa urahisi. Dawa iliyoenea jeshini mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa na amonia kali, maji, kaboneti ya amonia na persalfeti ya amonia, ambayo kazi yake ni kutoa oksijeni.

Utaratibu wake ulihitaji uangalifu. Tundu la nyuma la mtutu lilizibwa kwa kizibo, mdomo ukavikwa bomba fupi la mpira, na dawa ikamiminwa hadi kupita juu ya mdomo, ili pasiwe na sehemu ya chuma iliyoloa bila kuzama. Baada ya takriban nusu saa ilimwagwa ikiwa imegeuka buluu, rangi inayoonyesha kwamba shaba imeyeyuka. Kisha mtutu ulioshwa kwa maji mengi, ukakaushwa na kupakwa mafuta. Aliyeiacha dawa ikauke mtutuni, au aliyeimimina katika mtutu uliokuwa bado wa moto, aliuharibu kwa kutu kali kuliko ile aliyokuwa akiikimbia.

Ikumbukwe kwamba mitutu iliyotibiwa kwa amonia ilidumu. Watu wakahitimisha kwamba shaba ndiyo iliyoleta kutu, au kwamba iliifunika asidi ya baruti iliyojificha katika vinyweleo vya chuma na kutoka kidogo kidogo kama jasho. Hitimisho hilo lilikuwa na kosa moja kubwa, na kosa lenyewe lilikuwa la utambuzi.

7.0 Majaribio ya Bati

Kabla kosa hilo halijafichuliwa, kulikuwa na njia nyingine: kuizuia shaba isigande. Wapiga shabaha wa Marekani waligundua kwamba kuchovya vichwa vya risasi katika grisi hupunguza mabonge. Wenye viwanda nao wakajaribu bati. Katika mashindano ya kitaifa ya shabaha ya mwaka 1921, Camp Perry, Ohio, zilitolewa risasi ambazo gamba lake lilipakwa bati. Mabonge yalipungua sana. Lakini ikagundulika kwamba bati lilikuwa limeungana na shingo ya ganda kama lililochomelewa, hata kichwa kikawa kigumu kutoka. Mpiga shabaha aliyeongeza grisi juu yake aliizidisha shinikizo hadi kiwango cha kupasua bunduki.

Wafaransa walikuwa wametumia bati kwa busara zaidi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia waliliweka ndani ya baruti ya mizinga, likaungana na shaba iliyoganda mtutuni na kuifanya iwe dhaifu, hata ikafagiliwa na mapigo yaliyofuata. Katika miaka ya 1920 baruti za bunduki za Marekani nazo zikatiwa bati.

Suluhisho lililodumu, hata hivyo, lilitokana na kubadili gamba lenyewe. Kuanzia mwaka 1922 Marekani ilianza kuiacha nikeli na kutumia takriban shaba 90 na zinki 10 kwa mia. Mabonge yakatoweka. Kilichobaki kilikuwa utando mwembamba mwekundu, ambao ndio unaowashughulisha wapiga shabaha hadi leo, na ambao huondolewa kwa amonia hafifu, kwa dawa zisizo na amonia, kwa kusugua, au kwa mkondo wa umeme unaoihamisha shaba kutoka mtutuni hadi kwenye ufito uliowekwa katikati.

8.0 Chumvi Iliyosahauliwa

Mwaka huo huo wa 1922, mkemia Wilbert J. Huff wa Idara ya Migodi ya Marekani alichapisha uchunguzi wake kuhusu kutu inayotokea chini ya utando wa mafuta. Alionyesha kwamba baruti isiyo moshi haikuwa na hatia. Mkosaji alikuwa fataki. Fataki za wakati huo zilikuwa na klorati ya potasiamu, ambayo ikiungua huacha kloridi ya potasiamu, ndugu wa karibu wa chumvi tunayotia katika mchuzi. Hewa inapokuwa na unyevu mwingi, chumvi hiyo huvuta maji na kuanza kuila feleji, hata chini ya mafuta, kwa sababu mafuta hayaiyeyushi chumvi. Maji huiyeyusha.

Fumbo la amonia likawa limefumbuliwa. Dawa ile iliondoa shaba kwa amonia yake, na iliondoa chumvi kwa maji yake. Sifa zote zilipewa amonia. Aliyesugua shaba kwa dawa kavu au kwa mafuta pekee aliuona mtutu unang'aa leo, akaukuta umeshika kutu kesho kutwa. Wahenga walisema: mwenye kovu usidhani kapoa.

Jambo la kusikitisha ni kwamba tiba ilikuwa mikononi mwa watu tangu zamani. Mwenye gobori aliijua. Waingereza waliendelea kumimina maji ya moto mitutuni. Lakini wengine wengi waliiacha desturi hiyo baruti isiyo moshi ilipokuja, kwa kuwa mtutu ulionekana safi. Masizi yalipopungua, ilidhaniwa kwamba chumvi nayo imekwisha, kwa sababu kwa karne nyingi vitu hivyo viwili vilikuja pamoja na kuondoka pamoja, wala hakuna aliyekuwa amevitenganisha kwa majina. Fataki zisizo na chumvi hiyo zilianza kuenea sokoni mwishoni mwa miaka ya 1920, huko Ujerumani na Marekani, lakini jeshi la Marekani halikukamilisha mabadiliko hayo hadi miaka ya mwanzo ya 1950.

9.0 Masizi, Chumvi, Kutu na Ukoko

Sasa turejee kwetu. Tuchukue sentensi nyepesi: "Ondoa uchafu wote mtutuni." Kwa historia tuliyoieleza, sentensi hiyo haimsaidii msomaji. Masizi huhitaji kiyeyushi na brashi. Chumvi huhitaji maji. Shaba huhitaji amonia au dawa nyingine iliyokusudiwa. Na kutu, ambayo si kitu kilicholetwa na risasi bali ni chuma chenyewe kilichooza, haiyeyuki kwa dawa yoyote kati ya hizo. Mwandishi akiita vyote *kutu*, kama isemwavyo mara nyingi mitaani, atakuwa amerudia kosa la kabla ya 1922.

Kanuni inayokubalika katika uundaji wa istilahi ni kutazama kwanza hazina ya Kiswahili chenyewe kabla ya kukopa. Hapa hazina hiyo imo jikoni. Chungu kina *masizi* yanayotokana na moto, na kina *ukoko*, ule wali ulioganda chini na kukataa kutoka kwa maji matupu. Masizi hufutika, ukoko hukwanguliwa au hulowekwa. Ninapendekeza basi *ukoko wa shaba* kuwa istilahi ya shaba iliyoganda mtutuni. Kwa mabonge ya enzi ya nikeli neno hili linafaa moja kwa moja. Kwa utando mwembamba wa leo tunaweza kusema *utandu wa shaba*, neno ambalo nalo linajulikana jikoni. *Masizi* yabaki kwa mabaki ya baruti, *chumvi ya fataki* kwa mabaki ya fataki, na *kutu* lirudi kwenye maana yake halisi.

Limebaki neno *shaba* lenyewe. Asili yake ya Kiarabu, *shabah*, hutaja madini ya manjano, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki. Katika Kiswahili limeenea hadi kwenye madini mekundu yaliyo safi, na kwa maana hiyo ndipo jimbo la Katanga, lenye migodi mashuhuri ya madini hayo, lilipoitwa Shaba kuanzia mwaka 1971 hadi 1997. Utata huu una gharama. Fundi anayetumia dawa ya amonia hutazama kitambaa: kikitoka na buluu, ukoko bado upo. Lakini ikiwa brashi yake au ncha ya ufito wake ni ya shaba ya manjano, dawa itaila hiyo pia, na kitambaa kitaendelea kutoka na buluu hata mtutu ukiwa umetakata. Mwongozo unaosema "shaba" pande zote mbili hauwezi kumwonya. Sharti tuandike *shaba nyekundu* na *shaba ya manjano*, sifa ambazo wasemaji wanazo tayari, na tuzitumie bila kulegea.

10.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba msamiati wa bunduki katika Kiswahili ni kumbukumbu ya enzi iliyokwisha, na kwamba shaba iliingia mtutuni bila kuingia katika kamusi. Nimeonyesha pia kwamba waliokuwa na kemia bora walitaabika kwa miaka mingi kwa sababu walitafuta tiba moja ya maradhi yaliyokuwa mbali mbali.

Wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti wasiishie katika maktaba. Wazee waliohudumu jeshini, wahifadhi wa wanyamapori, mafundi wa silaha na watunzaji wa makumbusho, ambao wana bunduki za karne mbili mikononi mwao, wanayo maneno ambayo hayajaandikwa. Baadhi yao huenda yakawa bora kuliko *ukoko* niliyoipendekeza, na yakipatikana nitakuwa wa kwanza kuyapokea. Ninachoomba ni kwamba yakusanywe kabla wenyewe hawajatutoka, na kila neno liandikwe pamoja na kitu kinachotajwa nalo: kinaonekanaje, kinatokana na nini, na kinaondolewa kwa nini. Orodha ya maneno isiyo na maelezo hayo itatuachia tena jina moja kwa vitu vinne.